Kibali cha Kuingia Mjini

Jumatatu, 2 Juni

Daktari amesema miezi, si miaka. Nikamwuliza miezi mingapi. Akasema si jambo la kutajwa kwa tarakimu. Nikajua hapohapo: huyu hajawahi kufanya kazi ya ofisi.

Basi naandika. Mtu aliyekuwa Mkuu wa Masjala kwa miaka thelathini na mmoja, akitunza mafaili ya idara nzima, haondoki duniani bila kuacha kumbukumbu. Nina makosa mawili ya kuungama. Moja dogo, moja kubwa. Naanza na dogo, maana lile kubwa kila likifika kooni linageuka kikohozi.

Dogo ni hili: kila Jumamosi saa nne asubuhi nawadanganya watu watatu wanaonipenda.

Nieleze. Miaka sita iliyopita mjukuu wangu alikwenda kusoma ng'ambo, akaniachia mchezo. Hauna ubao wala karata. Msimulizi mmoja, ndiye mimi, anabuni ulimwengu kwa maneno. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Jambo likiwa na mashaka, kwa mfano mtu kuruka ukuta, inarushwa kete yenye pande ishirini. Namba kubwa, umevuka. Namba ndogo, umeangukia mbwa.

Wachezaji wangu ni hawa. Mpimaji, mpimaji ardhi mstaafu, rafiki yangu wa miaka arobaini na mpinzani wangu kwa muda huohuo. Maishani hajawahi kuchukua hata pini ya mtu. Mchezoni ni mwizi. Shemeji, mdogo wa marehemu mke wangu, mpiga chapa hodari kuliko wote waliowahi kupita pale idarani; mchezoni ni mchawi. Na Muuguzi, ambaye hunifunga kidonda cha mguu siku tatu kwa wiki kwa vidole laini kama pamba, kisha Jumamosi, siku yake ya mapumziko, anarudi bila sare. Mchezoni ana shoka. Tusiseme zaidi.

Kwa mwaka mmoja na miezi miwili sasa wanataka kuingia Mjini. Mji una ukuta, lango moja na walinzi mia tatu. Ndani amefungwa malkia waliyeapa kumwokoa. Wakiingia, watamwokoa. Wakimwokoa, hadithi imekwisha. Hadithi ikiisha, Jumamosi imekwisha! Watakuja kunijulia hali, dakika kumi, na mfuko wa machungwa, huku wakitupia saa jicho. Nimelazwa hospitali mara tatu. Nimeona wagonjwa wanavyotembelewa.

Kwa hiyo hawaingii. Kete naitupa nyuma ya kifuniko cha boksi la viatu, wasipoona, nasoma namba niitakayo. Kete ikisema kumi na nane, mimi nasema tatu. Mwaka mzima!

Juzi waligundua mfereji wa maji machafu unaopita chini ya ukuta. Haraka nikauwekea nondo. Mpimaji akafungua ramani yake (ana ramani! yenye skeli!) akasema mwezi wa Februari mfereji huo haukuwa na nondo. Nikasema zimewekwa majuzi. Akauliza na fundi gani. Nikakohoa mpaka binti yangu akaja mbio na maji.

Mateso.

Jumatano, 4 Juni

Siku ya maandalizi. Nimeorodhesha kila hila ambayo watu watatu wanaweza kuitumia kuupenya mji wenye ulinzi. Kila hila nimeiwekea dawa yake.

Kujifanya maiti: maiti wote huchomwa sindano langoni. Kujificha kwenye mkokoteni wa majani: majani hupekuliwa kwa mikuki. Kujifanya wapiga muziki: muziki ulipigwa marufuku na mfalme aliyepita, ambaye hakuwa na sikio. Kujigeuza paka kwa uchawi: mbwa. Kujigeuza ndege: paka. Nimejisikia hodari sana.

Binti yangu, ambaye ndiye mwenye nyumba na ndiye aliyehamishia kitanda changu chumba cha mbele nisipande ngazi, aliingia akanikuta naandika. Akauliza ni nini hicho. Nikafunika kwa mkono, nikasema ni mambo ya baada yangu. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akalia kwa sauti ya chini. Nikajiona mwovu kabisa. Baadaye akaniletea mto wa pili, na supu yenye chumvi bila kunihubiria.

Nimeongeza walinzi hamsini.

Ijumaa, 6 Juni

Ujasusi. Muuguzi alipokuwa anafunga kidonda nilimwuliza, kama mtu asiyejali, kesho mhusika wake ana mpango gani. Akasema mpango ni kumpiga mtu. Nikauliza mtu gani. Akasema yeyote atakayekuwa karibu, na Mzee tafadhali usitingishe mguu.

Huyu hana siri kwa sababu hana mpango. Nikampigia simu Shemeji. Sauti nikaipunguza mpaka ikawa kama inatoka chini ya blanketi. Nikasema wiki ijayo sijui kama nitaiona. Ingenifariji tu kujua watapitia wapi, nife nikiwa nimetulia. Kisha akasema kwa huzuni, "Shemeji, tutapanda mnara wa kaskazini kwa kamba. Lakini usimwambie Mpimaji kuwa nimekwambia."

Maskini! Moyo wa dhahabu. Nimehamishia walinzi wote mnara wa kaskazini, na mapipa ya mafuta ya moto. Nimebakiza mmoja langoni, mwenye mafua.

Mchana nimelala kama mtoto mchanga.

Jumamosi, 7 Juni

Hawakuukaribia mnara wa kaskazini! Hata kuutazama! Wamefuata barabara kuu, wamefika langoni, wamepanga foleni kama watu waliokwenda kliniki. Nikamtazama Shemeji. Alikuwa anafuta miwani.

Na langoni kuna mlinzi mmoja tu, anapenga makamasi. Muuguzi akasema anainua shoka. Nikawahi: hakuna aingiaye bila kibali, hata akimuua mlinzi lango halitafunguka. Nilidhani nimemaliza kazi.

Shemeji akauliza kibali kinatolewa na nani.

Hapo ndipo nilipoteleza. Ningesema kinatolewa na joka. Ningesema hakitolewi kabisa. Lakini nilikuwa nimeulizwa swali la kiofisi, na mwili ukajibu wenyewe. Nikasema Ofisi ya Lango, dirisha namba mbili. Maombi kwa maandishi, nakala tatu. Viambatisho: maelezo ya waombaji, sababu za safari, na ramani ya njia iliyothibitishwa na mtaalamu. Maombi yasiyokamilika yatarejeshwa. Nilieleza kwa robo saa. Nilieleza mpaka rangi ya jalada. Muuguzi alisinzia.

Shemeji aliandika kila neno. Mpimaji akasema, "Mkuu, hii si ofisi yetu ileile?" Anapenda kuniita Mkuu kwa namna ambayo si heshima. Nikasema ni sadfa.

Wakatoka wakichekelea kama wanafunzi. Sioni cha kuchekelea. Ofisi yangu! Nani amewahi kuipita?

Jumatatu, 9 Juni

Muuguzi amefika na bandeji, vidonge na bahasha. Bahasha ya kaki, ndefu. Imeandikwa: Afisa wa Vibali, Ofisi ya Lango, Mjini.

Nikaifungua kwa kisu cha mkate. Imepigwa chapa kwa mashine, si kompyuta. Pambizo sawa pande zote. Kumbukumbu namba juu kushoto. Kichwa cha habari kimepigiwa mstari: YAH: OMBI LA KIBALI CHA KUINGIA MJINI. Aya ya kwanza: Tafadhali rejea mazungumzo yetu ya tarehe 7 Juni. Ya tatu: Tunatanguliza shukrani.

Nililia kidogo. Tangu nistaafu hakuna aliyeniandikia barua yenye kumbukumbu namba.

Kisha nikapata akili. Nikaikagua. Ah! Nakala ya tatu haina sahihi! Nikaagiza kalamu nyekundu. Binti yangu akauliza kuna nini. Nikamwambia kuna kazi. Nikaandika: Naelekezwa kukujulisha kwamba ombi lako limerejeshwa kutokana na upungufu ufuatao. Sijui nani amenielekeza. Haijalishi, ndivyo inavyoandikwa.

Nimekula chakula chote cha mchana. Muuguzi alinipima shinikizo la damu, akatazama, akapima tena.

Jumatano, 11 Juni

Barua ya pili. Sahihi zipo zote tatu. Ya Muuguzi imekaa vizuri mno kwa mtu mwenye shoka.

Upungufu? Nikatafuta. Nikaupata kwenye ramani! Imechorwa na Mpimaji kwa wino mweusi, nzuri ya kutundikwa ukutani, na amegonga muhuri wake wa kazi. Muhuri wa mtu aliyestaafu miaka kumi na minne iliyopita! Rejesha! Mthibitishaji hana mamlaka.

Alasiri Mpimaji akaja mwenyewe, ramani kaikunja kwapani kama rungu. Hakunisalimia.

"Mkuu, ulituzungusha ofisini, sasa unatuzungusha ukiwa umelala chali? Huchoki?"

Nikasema kanuni ni kanuni.

"Kanuni umezitunga Jumamosi! Nilikuwepo!"

Nikamwambia apeleke malalamiko kwa maandishi. Akavuta kiti. Akasema amechukua maelezo yote niliyowahi kutoa kuhusu ukuta wa Mji, mwaka mzima, akayapiga hesabu, na ukuta huo haukutani. Unaanzia langoni, unazunguka, unarudi, na kabla haujafika langoni unakosa hatua arobaini. "Mji wako una tundu, bwana. Tungeweza kuingia tangu mwaka jana tukiwa tumebeba kabati."

Nikasema tundu hilo linalindwa kwa siri. Akacheka mpaka akavua miwani. Mimi nikacheka mpaka nikashika mbavu. Tukabishana juu ya zile hatua arobaini saa mbili nzima, chai ikapoa, binti yangu akaileta upya, nayo ikapoa.

Alipoondoka chumba kilikuwa kikubwa mno. Lile kosa langu jingine likapanda kooni. Nikakohoa.

Ijumaa, 13 Juni

Barua ya tatu. Ramani imethibitishwa na mpwa wa Mpimaji, ambaye yuko kazini na muhuri wake ni halali. Nimeisoma kwa kioo cha kukuzia. Nimehesabu nafasi baada ya nukta. Nimepima pambizo kwa rula. Hakuna kosa!

Najua ningeweza kuipoteza. Barua hupotea. Ningesema imeliwa na panya wa Mjini. Nimeishika muda mrefu, nimeifungulia hata droo ya kabati la dawa.

Sikuweza. Mtu akikamilisha masharti huwezi kumnyima. Katika miaka thelathini na mmoja nilifanya hivyo mara moja tu. Basi na liandikwe.

Mwaka wangu wa kumi kazini, faili la Mpimaji lilipita mezani kwangu. Uhamisho na cheo: Mpimaji Mkuu wa kanda ya mbali, safari ya siku mbili kwa treni. Kila kitu kilikuwa kamili. Lilihitaji muhuri wangu tu na kupelekwa mbele. Siku hizo mimi na yeye tulicheza drafti kila mchana nyuma ya masjala, kwa vifuniko vya soda. Nikalitia faili droo ya chini. Nikajiambia ni mpaka Ijumaa. Kisha mpaka mwisho wa mwezi. Likakaa miezi kumi na moja, nafasi akapewa mtu mwingine. Mpimaji hakupanda cheo tena mpaka anastaafu.

Siku alipopata barua ya kukosa, nani alimfariji? Mimi! Nilimpeleka kunywa chai. Nikamwambia wakubwa hawajui kazi.

Kibali nimekitia sahihi. Kesho wanaingia.

Jumamosi, 14 Juni

Shemeji aliwasilisha kibali. Mlinzi mwenye mafua akakisoma, akapiga saluti. Lango likafunguka. Wakaingia.

Wote watatu wakanitazama. Mpimaji alishika penseli tayari kuchora. Na mimi sikuwa na kitu! Mwaka mmoja na miezi miwili nimejenga ukuta, ndani yake sikujenga hata choo.

Muuguzi akauliza kama kuna mtu wa kumpiga. Nikasema bado. Saa ya ukutani ikawa na kelele. Shemeji akanigusa mkono, akasema nisijali, nieleze tu ninachokiona.

Nikafumba macho. Nilichokiona ni korido ndefu, sakafu nyekundu iliyosuguliwa nta, makabati ya chuma, dirisha lenye kioo kimoja kilichopasuka. Nikasema hivyo. Nilingoja wacheke. Hawakucheka. Mpimaji akasema mwizi wake anaingia chumba cha mwisho. Nikasema kuna meza. Akauliza ina droo. Nikasema tatu. Akasema anafungua ya chini.

Nikauliza kwa nini ya chini. Akasema mwizi anayejua kazi huanzia chini, asihangaike kufunga moja ili afungue nyingine.

Nikasema imefungwa kwa ufunguo, kete iamue. Nikakiondoa kile kifuniko cha boksi. Nikairusha mbele ya macho yao.

Kumi na tisa. Kete haina haya.

"Haya, ndani mna nini?"

"Faili lako," nikasema. "Si la mwizi. Lako wewe."

Nikasema yote. Tarehe, kanda, cheo, miezi kumi na moja, chai. Kikohozi hakikuja, nilipokihitaji!

Mpimaji hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema kwa utaratibu kwamba miaka yote hiyo alidhani alikosa cheo kwa sababu ya kiwanja kimoja cha kona alichopima mwaka ule. Alidhani alikosea vipimo na wakubwa wakajua. Alirudi pale wakati wa likizo yake, na mnyororo wake wa kupimia, akakipima upya.

"Mara tatu, Mkuu. Likizo tatu. Kila nikipima kiko sawa. Mwenye kiwanja alidhani nimerukwa na akili."

Akakunja ramani. Akavaa koti, mkono mmoja ukakataa kuingia, Muuguzi akamsaidia. Akatoka bila kuaga.

Shemeji akaniambia, "Shemeji, wewe ni mtu mbaya." Kisha akanivutia blanketi, akanishika nyayo, akasema pia zina baridi. Akaenda kutafuta soksi.

Sina la kuongeza. Sikula.

Jumapili, 15 Juni

Saa nne mlango ukagongwa. Mpimaji! Nikajua amekuja kunipiga. Nikavua miwani.

Akakaa. Akatazama dirishani. Akasema nijue jambo moja: angekwenda. Faili lingepita Jumatatu, yeye Jumanne angekuwa kwenye treni, na asingegeuka nyuma. Nikasema najua. Akasema sijui. Akasema, "Ningekuandikia, mpumbavu wewe! Kila mwezi! Ulidhani ningenyamaza? Leo ungekuwa na barua zangu zaidi ya mia tatu."

Mia tatu! Nikazifikiria. Zenye tarehe, zenye aya, pengine na vichoro pembeni. Nikazitafuta chumbani kwa macho kama mtu aliyeibiwa. Mwizi ni mimi.

Akasema hajanisamehe. Bado analiangalia suala hilo, nisimharakishe. Lakini Jumamosi atakuja. Si kwa ajili ya Mji. Mji ungekwisha mwaka jana angekuja vilevile kubishana. Shemeji naye vilevile. Na Muuguzi, akaniuliza, nilidhani mtu anatumia siku yake pekee ya mapumziko kwa mgonjwa wake ili amwokoe malkia wa kubuni?

"Mwachie huyo malkia atoke zake, Mkuu. Sisi tupo."

Machozi yakanitoka mbele yake. Nikamshika mkono, nikaahidi. Hila basi, kuta basi. Kwa mara ya kwanza nikaelewa: muda wote huo nililinda mlango ambao hakuna aliyekuwa anaukimbilia. Nimeelewa kabisa. Ni funzo kubwa kwa mtu wa umri wangu, na nashukuru nimelipata mapema.

Alipoondoka nikaomba daftari. Kwa ajili ya utaratibu tu. Kuingia wameingia kihalali, sina neno. Lakini nimepitia kanuni zote za Mji ukurasa kwa ukurasa, na hakuna mahali palipoandikwa mtu anatokaje. Pengo kubwa la kiutawala! Ningeaibika kufa nikiliacha wazi. Nimeliziba: Kibali cha Kutoka, dirisha namba tano, nakala nne. Ofisi hufunguliwa Jumamosi tu.

Na malkia, nimegundua, alizaliwa humohumo. Hana hata karatasi moja.